Msinipimie kwa Saa

Nina ugomvi wa miaka kadhaa na vijana ninaofanya nao kazi, na kwa kuwa kila tunapouanza chai hupoa kabla hatujaumaliza, nimeona afadhali niuandike. Wasioandika programu za kompyuta wasifunge kitabu kwa sababu hiyo. Kabla sijagusa kompyuta nilikuwa karani wa hesabu, na nitasema kwa lugha ya leja na stakabadhi, ambayo ndiyo lugha iliyonilea.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mwandishi wa programu haanzi kila kitu upya. Huchukua kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, zikakusanywa pamoja na kuitwa maktaba. Zipo maktaba za kuchora picha, zipo za kupiga mahesabu, na zipo ambazo kazi yake ni kutunza vitu tu: orodha, foleni, majedwali ya majina na namba. Hizi za kutunza vitu ndizo ninazozizungumzia, na hasa zile zinazotumiwa na watu wanaoandika programu kwa njia ya funksheni, yaani njia ambayo kitu kikishaandikwa hakifutwi. Ukitaka kingine, unatengeneza kingine, na kile cha kwanza kinabaki pale kilipo. Karibu zote ni programu huria. Matini yake yamewekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyachukua na kuyatumia bila kulipa.

Basi, kila inapofika siku ya kuchagua maktaba, kijana mmoja huja na jedwali. Upande wa kushoto majina ya maktaba, upande wa kulia sekunde zilizokatwa vipande vidogo vidogo. Iliyotumia muda mfupi imepigiwa mstari. "Shikamoo mzee," ataniambia, "mambo si ndiyo hayo?" Mimi naitikia marahaba, halafu nasema mambo siyo hayo hata kidogo. Hapo ndipo chai huanza kupoa.

Nitaeleza kwa nini nina uchungu na jambo hili, maana si la vitabuni tu.

Mwaka 2009 niliandika programu ya kutunza hesabu za chama kimoja cha akiba na mikopo. Sitakitaja jina, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na si lao. Niliiandika kwa lugha ya kawaida ya siku hizo, ile inayoruhusu kufuta na kuandika juu yake. Mwenyekiti aliomba taarifa ya wanachama wenye madeni. Nikaandika kipande cha programu kinachopokea orodha ya wanachama wote, kikaondoa wasiodaiwa, na kuchapa waliobaki. Kilifanya kazi vizuri mno. Nilichosahau ni kwamba nilikipa orodha yenyewe, sikukipa nakala. Kilipoondoa watu, kiliwaondoa katika orodha ile ile ambayo usiku wa kufunga mwezi ilihifadhiwa kuwa orodha halisi ya chama.

Kesho yake asubuhi walikuwa wametoweka wote wasiokuwa na deni. Yaani tuliwapoteza wanachama wetu bora, wale waliokopa wakarejesha, na wale ambao hawakuwahi kukopa. Wa kwanza kugundua alikuwa mama mmoja muuza maandazi, aliyefika dirishani kuchukua fedha za ada ya mjukuu wake akaambiwa si mwanachama. Hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akaja na kopo la Kimbo limejaa stakabadhi, akaanza kuzitandaza moja moja juu ya kaunta. Nakala yetu ya akiba ilikuwa ya majuma matatu nyuma. Ilituchukua siku tisa kuzijenga upya zile hesabu kutoka katika makaratasi ya watu, na siku zote tisa nilikuwa nikijiuliza swali moja: mimi niliyefundishwa ukarani, niliyekatazwa kutumia kifutio mbele ya leja, nilikubalije kuandika chombo ambacho kazi yake yote ni kifutio?

Tangu hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za miundo isiyobadilika, na ndiyo maana mtu akinijia na saa ya kupimia mbio, hasira hunipanda kidogo.

Hoja ya kwanza inayotolewa dhidi yetu ni kwamba kutofuta ni gharama. Watu hudhani kwamba ukibadili jina moja katika orodha ya milioni moja, basi unanakili milioni nzima. Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Lakini tazama jinsi wataalamu walivyofanya. Fikiria chumba cha masijala chenye makabati 32. Kila kabati lina droo 32, kila droo ina mafaili 32, na kila faili lina mistari 32. Piga hesabu: chumba kizima kina mistari 1,048,576. Sasa unataka kubadili mstari mmoja bila kuharibu masijala ya jana. Unanakili faili moja, mistari 32. Unanakili orodha ya mafaili ya droo ile, mistari 32. Kadhalika orodha ya droo za kabati lile, na orodha ya makabati mlangoni. Jumla ni mistari 128. Makabati mengine yote, droo na mafaili yake, yanatumiwa na masijala zote mbili, ya jana na ya leo, bila kugombana, kwa sababu hakuna mwenye ruhusa ya kuyafuta.

Mti wa namna hii ulielezwa na Phil Bagwell, aliyekuwa akifanya kazi Lausanne, Uswisi, katika maandiko yake ya mwaka 2001, ingawa wa kwake ulikuwa bado unaandikwa juu kwa juu. Rich Hickey ndiye aliyeugeuza ukawa wa kutofutika alipotoa lugha ya Clojure mwaka 2007, na kutoka hapo umesambaa katika lugha nyingi. Mistari 128 badala ya milioni. Anayesema kwamba hatuwezi kumudu gharama hiyo aniambie siku tisa za stakabadhi ziligharimu kiasi gani.

Lakini hoja yangu kubwa siyo hiyo. Hoja yangu ni kwamba saa ya vijana haipimi kile ambacho maktaba hizi zimeundwa kukifanya.

Chukua foleni, kitu rahisi kabisa, watu wanaingia nyuma na kutoka mbele. Njia ya zamani ya kuitengeneza bila kufuta ni kuwa na orodha mbili: ya mbele, ambayo watu hutoka, na ya nyuma, ambayo wapya huandikwa kinyumenyume. Ya mbele ikiisha, unaigeuza ya nyuma na kuifanya ya mbele. Kugeuza ni kazi nzito, lakini hutokea mara chache, kwa hiyo wataalamu husema gharama yake imegawanywa. Kila anayeingia anaweka senti moja kibubuni, na siku ya kugeuza kibubu kinavunjwa na kulipa. Ni akiba na mikopo ile ile.

Sasa rudi kwenye toleo la jana, la dakika moja kabla ya kugeuza. Si tumesema la jana halifutwi? Basi litumie mara mia. Mara mia zote utalazimika kugeuza, na kibubu ni kimoja tu. Umetumia akiba ile ile mara mia! Karani yeyote angefungwa kwa hesabu kama hizo. Hili ndilo tatizo ambalo Chris Okasaki alilishughulikia katika tasnifu yake ya mwaka 1996 pale Carnegie Mellon, Marekani, ambayo ilitoka kitabu mwaka 1998. Dawa yake, kwa kifupi, ni kuahirisha kazi na kuikumbuka: kazi ya kugeuza inaandikwa kama ahadi mapema, kabla haijahitajika, na ikishatekelezwa mara moja matokeo yake yanabaki, hivyo wote wanaorudi kwenye toleo lile wanakuta kazi imekwisha kufanyika.

Jedwali la kijana wangu linapimaje foleni? Linaingiza watu laki moja, linawatoa laki moja, basi. Linakwenda mbele tu. Halirudi hata mara moja kwenye toleo la zamani. Kwa kipimo hicho foleni yenye kibubu kibovu itashinda, kwa sababu haibebi mzigo wa kukumbuka ahadi. Ni sawa na kushindanisha mbuzi na ng'ombe kwa kukimbia halafu ukamnyima ng'ombe tuzo ya maziwa. Anayetaka kukimbia mbele tu, asiyehitaji ya jana, huyo hana haja na maktaba hizi. Achukue za kufuta, ni za kasi zaidi, nami sitamzuia.

Nikiulizwa basi mimi napimaje, nitasema nasoma ahadi kwanza. Maktaba ya Haskell inayoitwa containers naipenda kwa jambo dogo ambalo wengi hawalioni: katika maelezo yake, karibu kila kazi imeandikiwa gharama yake, jinsi inavyokua kadiri vitu vinavyoongezeka. Huhitaji kubahatisha. Watu wa Scala nao wanastahili sifa, maana pale wanapodai kwamba gharama haikui kwa kuonekana, wanaongeza kwamba dai hilo linategemea masharti fulani, kama urefu wa juu wa orodha na jinsi funguo zinavyotawanyika. Muuzaji anayekutajia masharti kabla hujalipa si wa kumpuuza.

Pili, naangalia wanavyotenda wanapokosea. Hapa nina kisa ninachokirudia kila mara. Majedwali ya Haskell hukaa katika miti inayojisawazisha kwa uzito, kwa njia iliyoandikwa na Stephen Adams mwanzoni mwa miaka ya tisini. Miti hiyo ilitumika miaka mingi, na ilikuja kugundulika kwamba katika baadhi ya hali, ukiondoa vitu, mti ulipoteza usawa wake. Data haikupotea, ila mti uliinama upande. Mwaka 2011 Hirai na Yamamoto walichapisha uchunguzi wao. Katika njia ya asili ya miti hiyo kuna jozi moja tu ya namba nzima inayofaa kuongoza usawazishaji, nayo ni 3 na 2, na walithibitisha hilo kwa Coq, chombo cha kukagua uthibitisho wa kihisabati. Maktaba ikarekebishwa. Mwaka 2018 kundi jingine la watafiti lilirudi na kukagua sehemu kubwa ya maktaba ile kwa Coq hiyo hiyo, na halikukuta hitilafu. Maktaba ya OCaml nayo ilipitia tanuri hilo. Mwaka 2004 Filliâtre na Letouzey, walipokuwa wakithibitisha mafungu yake, walikuta kasoro ya usawazishaji, nayo ikarekebishwa.

Mwambie kijana kisa hiki, atakwambia, "Kumbe zilikuwa na kasoro!" Ndiyo, zilikuwa nazo. Na zako unajuaje hazina? Nani ameketi akazikagua? Jedwali la sekunde lingepita juu ya kasoro ile miaka yote bila kuiona, kwa sababu wapimaji huingiza vitu kwa wingi na kuondoa kidogo, tena kwa mpangilio wa kawaida. Uwazi wa matini ndio uliowawezesha wageni wasiolipwa na mtu kukaa na kusoma na kusema hapa pameinama. Huo ndio uhuria ninaoujali. Ule wa kutolipa ni mzuri, lakini karani mwaminifu asiyekaguliwa hana tofauti na mwizi asiyekaguliwa, ukiwatazama kutoka nje.

Naongeza jambo la leseni, nalo nalipitia haraka kwa sababu linachosha. Kampuni ya Facebook ilitoa maktaba ya Immutable.js mwaka 2014, kazi ya Lee Byron, kwa ajili ya lugha ya kurasa za mtandao. Kwa muda ilikwenda na leseni yenye kifungu cha hataza kilichowatia watu wengi wasiwasi, hadi Septemba 2017 ilipohamishiwa leseni ya MIT isiyo na kifungu hicho. Waliokuwa wamejenga juu yake walipaswa kusoma, na wengi hawakusoma. Kisha toleo la 4, ambalo matayarisho yake yalianza kuonekana mwaka huo huo wa 2017, likaja kukamilika mwaka 2021. Miaka minne. Saa ya kijana inapima mikrosekunde. Miaka minne ya kungoja haina safu katika jedwali lake.

Hata hivyo siipigi vita Immutable.js. Ina miti ile ile ya 32, nayo imewafundisha watu wengi adabu. Tatizo lake ni nyumba inamoishi. Lugha yenyewe imejaa vitu vya kufutika, na ukiweka kitu cha kufutika ndani ya sanduku lisilofutika, sanduku litabaki imara huku kilichomo kikibadilishwa na yeyote mwenye ufunguo. Halafu kuna forodha: ukitaka kuwapa data wengine wasioijua maktaba hii, mara nyingi unaigeuza yote kuwa vitu vya kawaida, na hapo ile milioni tuliyokataa kuinakili unainakili kweli, kila siku, mpakani. Niliwahi kuona programu iliyofanya hivyo kila mtumiaji anapobonyeza herufi. Wenyewe wakalaumu maktaba kwa uzito.

Tena haina jedwali linalojipanga lenyewe kwa mpangilio wa funguo. Kwa leja hilo si dogo. Mwenyekiti akitaka wanachama kuanzia namba 100 hadi 200, Haskell inampa, Clojure inampa kwa jedwali lake la kupangika, lakini mti wa Bagwell peke yake hauna habari ya nani anamfuata nani, kwa kuwa funguo zimetawanywa makusudi. Nimeona maktaba ya kasi ikichaguliwa, kisha kila taarifa ikaanza kwa kupanga upya wanachama wote. Jedwali lile la sekunde, tukumbuke, lilikuwa limempa huyo nafasi ya kwanza.

Nisije nikaonekana namwonea kijana. Yuko sahihi kwamba tofauti ni za kweli. Scala ilipotoa toleo la 2.13 mwaka 2019 iliachana na mpangilio wake wa zamani wa majedwali na kuchukua mpya uliobuniwa na Steindorfer na Vinju mwaka 2015, na sababu ilikuwa nafasi na kasi. Matokeo yalikuwa mazuri, nami sina la kupinga. Vilevile najua maktaba nzuri mno iliyokosa watu. Okasaki mwenyewe alianzisha maktaba ya Haskell iliyoitwa Edison, yenye aina nyingi za miundo na mpangilio wa kupendeza, ambayo ingemridhisha karani wa aina yangu. Wengi wakabaki na containers, iliyokuwa karibu na mkono. Ubora peke yake haukutosha, kama ambavyo kasi peke yake haitoshi, na naumia kulikubali hili kuliko lile.

Mwaka huu tumepewa kazi ya kuandika upya programu ya vyama vitatu. Kwa moyo wangu ningechukua Haskell na containers yake, maana pale lugha yenyewe ndiyo inayokataza kufuta. Lakini nikistaafu, nani ataisoma? Katika ofisi yetu ni mimi na kitabu changu. Nimekubali Clojure, ambayo vijana wawili wameshaijua, na tumeandika katika karatasi ya makubaliano kwamba orodha ya wanachama haitawekwa kamwe ndani ya kitu cha kufutika, kwa sababu yoyote, hata ya kasi. Kijana alitia sahihi huku akicheka.

Kisha nikamwomba alitengeneze upya jedwali lake: ashike matoleo elfu moja ya leja ile ile kwa wakati mmoja, arudi nyuma bila mpangilio, aondoe wanachama wengi kuliko anaowaingiza, na aandike nafasi iliyotumika pamoja na muda. Alifanya kwa siku mbili. Aliporudi, jedwali lilikuwa na safu saba badala ya mbili, na hapakuwa na mstari wa kupigia mshindi.

Ila ana hoja moja ambayo sijaijibu. Anasema ukurasa wa wanachama utafunguliwa kwenye simu za bei nafuu, na kwamba kushikilia matoleo ya zamani humo kutaijaza kumbukumbu ya simu hata kama miti inashirikiana matawi. Huenda ana haki. Tumekubaliana ajaribu Ijumaa kwenye simu ya mke wangu, ambayo ni kuukuu kuliko zote zilizomo ofisini.